Mawe ya Mpika Sabuni

Kabla sijamwona, nilisikia mwiko wake. Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia Rusimbi, vyombo bado vimefungwa kwenye mashuka, na asubuhi ile ya kwanza sauti ilivuka ukuta wa matofali: ubao ukikwaruza chuma, polepole, kwa mzunguko mmoja usiobadilika, kama kitu kizito kinachojigeuza usingizini. Kisha ikakoma. Haikukoma kama kazi inavyokoma, mtu akiweka chombo chini na kuita wa ndani. Ilikatika katikati ya mzunguko. Ndani ya kimya hicho nikasikia pumzi ikivutwa kwa meno. Halafu mwiko ukaendelea pale pale ulipoachia.

Mama yangu alisema ni jirani, anapika sabuni. 

Miaka iliyofuata nilivizoea vituo vile vya kimya kama mtu anavyozoea jenereta ya jirani. Mwanzoni vilikuwa vya nadra. Baadaye vilikuja mara nyingi, na kila kimoja kilikuwa kirefu kuliko kilichotangulia. Leo pipa lake la kupikia sabuni limepinduliwa kifudifudi uani kwake, kuku wanalala juu yake, na tulishamzika.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono ya rangi ya mawese hadi viwikoni. Alinunua mawese mazito ya mwisho wa pipa, yale ambayo wakamuaji hawawezi kuyauza kwa kupikia, akayachemsha, akatia kostiki, yale magadi makali ya dukani, akakoroga mpaka yakashika na kuwa mazito. Zamani, alisema, alitumia maji ya majivu, na sabuni ya wakati huo ilikuwa na adabu. Rangi ya mawese haikumtoka. Ilikaa kwenye kucha, kwenye mikunjo ya shingo, kwenye pindo za kanga, hata kwenye mpini wa kikombe alichokunywea chai. Mtaa mzima ulimjua akiwa wa njano. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililotupofusha.

Ulimi wake haukuwa na breki. Ukimwendea kununua kipande badala ya mche mzima, alikuuliza kama nyumbani kwenu mnaoga uso tu. Kijana wa bodaboda wa Gungu aliposimama mbele yake na shikamoo, aliitikia marahaba, akaongeza kwamba shati lake lilikuwa limeshamsalimia tangu kwenye kona. Wanawake wanaoanika dagaa Katonga walimjia kwa sabuni ya kukata shombo, na alipowaona tu aliwapokea kwa salamu ya Kiha, "Bwakeye," kisha akaziba pua kwa upindo wa kanga, nao wakacheka mpaka wakakaa chini. Alipenda watu. Alipenda wawe wengi, wamzunguke, wabishane.

Isipokuwa sabuni ilipokaribia kushika. Hapo aliinua kidole, na uani kote kukanyamaza. Sheria yake ilikuwa kwamba sabuni inayokaribia kushika haizungumzwi. Huulizi kama imeiva. Huisifu, huikosoi, hutaji hata jina lake. Ukiisema, inaachana, mafuta yanakaa juu na maji chini, na kazi ya siku nzima inakwenda kumwagwa. "Usiisemeshe," alinong'ona. Niliona wateja watu wazima wakisimama na hela mkononi, wamebana midomo kama wako msibani, mpaka yeye ashushe kidole.

Nadhani alichukua sheria hiyo akaipeleka mwilini mwake. Maumivu yake alikuwa nayo hivyo hivyo. Yalipomjia, aliegemea mpini wa mwiko, akaingiza ngumi chini ya mbavu za kulia, akatazama ukuta. Ole wako umuulize. Binti yake wa pekee, fundi cherehani huko Gungu, alijaribu mara nyingi, na kila mara alijibiwa kwa kidole kilichoinuliwa.

Ajabu ni kwamba kwa wengine hakuwa hivyo hata kidogo. Mama yangu alipokaa wiki nzima na kichwa kinachogonga, ni yeye aliyekuja na pikipiki mbili, moja ya mgonjwa na moja yake, akakaa kwenye benchi la zahanati hadi presha ilipopimwa na dawa zikatolewa. Fundi baiskeli wa mtaa wetu alificha kidonda cha mguu chini ya suruali. Mpika sabuni alikinusa kabla hajakiona, akamwambia mbele za wateja kwamba kama anataka kuzikwa kwa awamu aanze kuchagua kiungo. Fundi alikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mguu wake anao mpaka leo. Mwanamke huyo ndiye aliyekuwa akiegemea mwiko wake na kutazama ukuta.

Alikuwa na jina la ugonjwa wake, alilolipata mwenyewe: vidonda vya tumbo. Na dawa ya vidonda vya tumbo kwetu kila mtu anaijua, ni mawese ya vuguvugu, kijiko kikubwa asubuhi kabla ya chochote, yapake utumbo. Alikunywa. Jioni alikula migebuka iliyokaangwa kwenye mawese hayo hayo, ikiogelea, na ugali wa muhogo, huku akisema mtu anayekula samaki mkavu ni mfungwa. Saa moja au mbili baadaye maumivu yalianzia chini ya mbavu, yakazunguka hadi nyuma ya bega, yakakaa. Kesho yake aliongeza kijiko cha pili.

Siku alipoanguka kando ya moto, kwa bahati upande usio na pipa, ndipo binti yake alipomtia kwenye bajaji bila kuomba ruhusa. Mimi nilikwenda nao kwa sababu binti alitaka mtu wa kumshika mkono wa pili. Hospitalini walimuuliza amekula nini. Akasema hajala, ameonja tu mawese. Wakamrudisha. Kipimo cha tumbo anachohitaji, walisema, kinataka mtu aliyefunga, kwa sababu kile wanachokwenda kukitazama hujikamua mafuta yanapoingia tumboni, na kikishajikamua hakionekani vizuri. Alirudi nyumbani akilalamika kwamba ameishi kumwona mtu akifukuzwa kwa kushiba.

Tuliporudi alikuwa amefunga kweli. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana wa sauti ya chini, aliyeosha mikono kwa muda mrefu, na mpika sabuni akamuuliza ile sabuni yao ya maji wanainunua wapi, maana haina povu la maana. Daktari akacheka. Kisha akaweka vidole chini ya mbavu zake za kulia, akabonyeza taratibu, akamwambia, "Mama, vuta pumzi ndefu." Alianza kuvuta. Katikati pumzi ikakatika. Ilikatika vile vile kama upande wa pili wa ukuta wetu, na mimi nikageuza uso, maana mara hii niliiona sura iliyokuwa nayo.

Walimpaka mafuta ya baridi tumboni, wakapitisha kile kifaa kidogo, na kwenye skrini kukatokea ukungu wa kijivu. Daktari alimwonyesha mfuko wa nyongo, mweusi, kama tone lililoning'inia chini ya ini. Ndani yake kulikuwa na vitu vyeupe vimelala. Nyuma ya kila kimoja kulikuwa na mstari wa giza, mnyoofu, ukishuka hadi chini ya picha. Daktari alieleza kwamba mawe hayo hayapitishi sauti ya mashine, kwa hiyo hutupa kivuli, na kivuli hicho ndicho kinachowahakikishia kuwa ni mawe kweli. Alimgeuza alale ubavu. Mawe yakaviringika taratibu hadi upande wa chini, na vivuli vyao vikayafuata.

Mpika sabuni aliyatazama sana. Nilidhani atatania. Hakutania.

Daktari hakumtisha, lakini hakumficha pia. Kuna watu wengi, alisema, wanatembea na mawe ya namna hiyo hadi uzeeni bila kujua, nao huachwa. Ya kwake yalikuwa yameshaanza kumsumbua, na yakianza hayaachi. Siku moja jiwe dogo litatoka mfukoni na kukwama kwenye mrija. Nyongo itarudi nyuma, macho yatakuwa ya manjano, mkojo utakuwa kama chai ya rangi. Au litashuka zaidi, kongosho livimbe. Au uchafu utapanda ndani ya mrija uliozibwa, na homa ya namna hiyo huua watu wenye nguvu. Mfuko utolewe sasa, wakati mambo yametulia. Mtu anaishi vizuri bila huo mfuko. Akampa siku ya kurudi.

Mpika sabuni aliuliza swali moja tu, kama yanaweza kutoka yenyewe. Daktari akasema hapana.

Tukirudi, tulifika kwenye mteremko wa Ujiji, ziwa likaonekana limelala chini ya mawingu, zito, bila ngalawa hata moja. Hapo akasema hakiogopi kisu. Mara ngapi amejikata na waya wa kukatia sabuni. Anachoogopa ni usingizi wa kupewa na mtu mwingine. "Ukilala mwenyewe unajua njia ya kurudi," alisema. Binti yake akalia. Yeye akatazama ziwa.

Siku ile ilifika, hakwenda. Alikuwa amepata ushauri. Mwanamke mmoja aliyemletea kostiki alimweleza kuhusu kinywaji kinachoyatoa mawe bila kisu: unashinda na njaa, jioni unakunywa mafuta kikombe kizima na maji ya ndimu nyingi, unalala kwa ubavu wa kulia, asubuhi yanatoka chooni. Mafuta yanayotajwa kwa kawaida ni ya zeituni. Yeye alisema atatumia ya kwake, anajua yametoka shamba gani.

Asubuhi baada ya kukinywa alituita. Sijasahau uso wake ulivyong'aa. Juu ya benchi aliweka bakuli la bati lenye maji, na ndani yake vidonge vya kijani vinaelea, vya mviringo, vingine ukubwa wa punje ya mahindi, vingine wa chikichi. Alikuwa ameviosha mwenyewe. Wanawake walijaa uani. Mmoja alivihesabu, mwingine alisema Mungu mkubwa, wa tatu akaomba aelezwe vipimo vya ndimu. Mpika sabuni alieleza kwa kila aliyeuliza, akieleza vizuri, kwa mkono, kama alivyofundisha watu kukata mche. Aliniambia nimpelekee salamu daktari wangu wa vivuli.

Vile vidonge viliyeyuka kidogo kwenye kingo kwa joto la mchana. Alivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka chini ya mtungi, mahali pa ubaridi. Hakuna aliyejiuliza jiwe gani huwekwa kwenye ubaridi lisiharibike.

Kwa muda vituo vile vya kimya vilipungua, nasi tukasadiki. Wanawake wawili watatu wa Katonga, ambao nao walikuwa na maumivu chini ya mbavu, walikunywa pia. Walikuja na mabakuli yao kumwonyesha. Alikuwa amepata kitu kipya cha kufundisha, na alikifundisha kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake hata sabuni ilipotoka nyeupe.

Kisha alianza kujikuna. Mikono, mgongo, nyayo. Alisema kostiki ya siku hizi imechanganywa. Akaanza kukonda, tukamwambia anapendeza. Aliyevaa njano maisha yake yote alizidi kuwa wa njano, na sisi tuliokaa naye ukuta kwa ukuta hatukuona tofauti. Mikono ya mawese haikutuambia kitu. Macho yangetuambia, maana mawese hayaingii kwenye weupe wa jicho, lakini alikuwa akikoroga ameinama kwenye moshi, na macho ya mtu wa moshi nani anayatazama? Homa ilipokuja na kutetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta wetu, zahanati walimpa dawa ya malaria. Ikashuka, ikarudi. Binti yake ndiye aliyefungua dirisha mchana mmoja, jua likampiga usoni, akampigia mama yangu kelele moja tu. Tulikwenda mbio. Weupe wa macho yake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai.

Huko hospitalini nilimkuta kesho yake, na ndiyo mara ya mwisho niliyozungumza naye. Walikuwa wameshachukua damu, wameshapitisha kile kifaa tena. Daktari ni yule yule. Alisimama miguuni pa kitanda akatueleza kwamba mawe bado yamo mfukoni, yote, na mrija umetanuka kwa sababu mojawapo limekwama chini yake. Nyongo imerudi kwenye damu, na sasa kuna maambukizi. Mwanza wapo wanaoweza kuingiza mpira wenye kamera kinywani na kulivuta jiwe bila kupasua, lakini presha yake ilikuwa inashuka na safari hiyo asingeimaliza. Watampasua hapa, mchana huu, wafungue mrija. Hakusema atapona. Alisema watajaribu.

Mpika sabuni alikuwa akisikiliza huku amefumba macho. Midomo ilikuwa imekauka. Aliinua kidole, kile kile, na daktari bila kujua kwa nini akanyamaza.

"Mawe niliyatoa," alisema. "Hiki kingine. Mwonyeshe."

Binti yake alitoa kopo la maziwa kwenye kikapu. Alikuwa ameagizwa alilete. Daktari alilifungua, akakichukua kidonge kimoja kati ya vidole, akakitazama kwa muda, na nikaona anatafuta namna ya kusema. Akaomba chupa ya chai ya mgonjwa wa kitanda cha pili, ambayo ilikuwa na maji ya moto tu, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akakidumbukiza kidonge.

Kilianza kulegea pembeni. Kikapoteza umbo, kikatandaza rangi ya kijani juu ya maji, na juu kabisa ikabaki duara nyembamba ya mafuta. Daktari alianza kueleza, kwa sauti yake ya chini, kwamba mafuta mengi na maji ya tumboni vikikutana—

Mpika sabuni alinyoosha mkono. Nilimsogezea kifuniko. Alitia vidole viwili, akavisugua na dole gumba, taratibu, kama alivyofanya kila siku kwenye ukingo wa pipa. Akavinusa. Povu lilikuwa dogo, la kijivu, likakatika haraka.

"Sabuni," alisema.

Kwenye kitanda cha pili mtu alikohoa akaacha.

"Tena haijaiva."

Akacheka, au alitaka kucheka. Mbavu zilimzuia na pumzi ikakatika mahali pake pa siku zote. Ilipomrudia alikuwa akinitazama mimi, si binti yake, si daktari. Yale macho ya manjano yalikuwa makavu. Aliniuliza kama yule mwenye mtoto mgongoni, wa Katonga, bado anakunywa. Nikasema sijui. Akauliza kuhusu mwenzake. Nikasema sijui. Akanishika kifundo cha mkono, na ingawa mkono wake ulikuwa ukiwaka homa, nilihisi bado ni mkono wa kukoroga.

"Kawaambie," alisema. "Usiwaambie daktari kasema, watabisha. Waambie mimi nimesema. Waambie mimi nimeishika kwa vidole vyangu, ni sabuni, waende wakapimwe."

Nikamwambia atawaambia mwenyewe akitoka. Alinitazama kama alivyomtazama mtu anayeomba kipande badala ya mche.

"Mwanangu, kawaambie leo."

Nesi alikuja na kitanda cha magurudumu. Alikataa kubebwa. Alihama mwenyewe kutoka kitanda hadi kitanda, akiwa amekaza meno, akajivutia kanga mpaka miguuni, akamwambia binti yake asilie mbele ya watu kama mtu asiye na kwao. Kwenye korido daktari alikuwa ameshavaa kofia ya kijani. Alimuuliza kwa upole kama yuko tayari kulala. Alikuwa akitazama taa za darini zikipita moja baada ya nyingine juu yake, kwa makini, kama mtu anayekariri njia.

Nesi alisukuma ubao wa mlango kwa mgongo, akaingia kinyumenyume akimvuta, na mlango ukajifunga nyuma yao.